Mwalimu Bendera na Safari ya Lagos

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Moshi au Arusha hufika Segera, katika Wilaya ya Handeni, na hapo njia hugawanyika. Ya mkono wa kulia yaelekea Muheza na Tanga. Ya mkono wa kushoto yampeleka Korogwe, mji wa reli na mkonge uliokaa kando ya Mto Pangani. Mabasi husimama, vijana huyakimbilia na machungwa yao, na katika dakika chache hizo za kungoja, ikiwa kuna redio inayotangaza mpira, mazungumzo huwa ni ya mpira tu. Hapo ndipo twapenda kuuliza swali letu: Ni nani aliyeipeleka Tanzania Lagos mwaka 1980?

Watu wa makamo, popote utakapowauliza katika nchi hii, watakujibu upesi kwamba ni Peter Tino. Nao wana haki, kwa kuwa goli lilikuwa lake. Lakini Tino alikuwa mchezaji, na mchezaji hupangwa na mtu. Ukiuliza mwalimu wa timu alikuwa nani, wengi wataanza kukuna vichwa. Korogwe hawakuni vichwa. Mwalimu huyo alikuwa mbunge wao, marehemu Ndugu Joel Nkaya Bendera.

Twataka leo kumzungumzia mtu huyo, na hatutaki kumzungumzia kama maiti isemwavyo msibani, ambapo kila marehemu huwa hana dosari. Twamzungumzia kwa sababu katika maisha yake limo jambo ambalo Taifa letu halijalimaliza mpaka leo: je, twamwamini mwalimu wetu wenyewe, au twamtumia mpaka mlangoni kisha twamwambia angoje nje?

Yafaa kwanza tuukumbuke mwaka 1979 ulivyokuwa. Mnamo Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia Kagera. Vijana wetu walikwenda vitani, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Ushindi ulikuwa mkubwa, na gharama yake ilikuwa kubwa vile vile. Mwalimu Nyerere aliwaambia wananchi wajifunge mikanda kwa miezi 18. Sabuni, sukari na unga vilikuwa haba madukani. Nchi iliyokuwa katika hali hiyo haikuwa na fedha za kuipeleka timu ya mpira kupiga kambi ng'ambo, wala hakuna aliyethubutu kudai hivyo. Katika mwaka huo huo ndipo Taifa Stars ilipokabidhiwa kwa Ndugu Bendera ili igombee nafasi ya kwenda katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, mahali ambapo Tanzania ilikuwa haijafika hata mara moja.

Kikwazo cha mwisho kilikuwa Zambia. Kwa siasa, hawa walikuwa ndugu zetu wa damu. Reli ya TAZARA ilikuwa na miaka michache tu tangu ianze kazi, na viongozi wa nchi hizi mbili walikuwa wakikutana mara kwa mara juu ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Kwa mpira, undugu uliishia kwenye mstari wa chaki. Zambia ilikuwa imefika fainali ya mwisho kabisa ya Kombe hilo mwaka 1974, ikalikosa mbele ya Zaire baada ya mchezo kurudiwa. Walikuwa na Godfrey Chitalu, walikuwa na Alex Chola. Sisi tulikuwa na nini?

Tulikuwa, kwanza, na habari moja nzuri kutoka Lusaka. Mwaka huo huo wa 1979 klabu ya Simba ilipambana na Mufulira Wanderers ya Zambia katika Kombe la Klabu Bingwa za Afrika. Mjini Dar es Salaam Simba walifungwa magoli 4 kwa bila, aibu ambayo mashabiki wengine waliondoka nayo uwanjani kabla ya filimbi. Katika mchezo wa marudiano huko Lusaka, Simba wakashinda magoli 5 kwa bila na kusonga mbele. Tangu siku ile mchezaji wa Kitanzania hakuwa na sababu ya kuamini kwamba ardhi ya Zambia ina mzimu. Mwalimu mwerevu hulipokea jambo la namna hiyo kama zawadi.

Zaidi ya hayo, tulikuwa na wachezaji wenyewe. Mlangoni alikuwapo Juma Pondamali. Nahodha alikuwa Jella Mtagwa, beki ambaye baadaye picha yake ilitolewa katika stempu ya posta. Alikuwapo Leodegar Tenga, ambaye miaka mingi baadaye, tangu 2004 hata 2013, alikuwa Rais wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania. Walikuwapo Mohamed Kajole, Juma Mkambi aliyeitwa Jenerali, Omari Hussein, Mohamed Rishard Adolf, Thuwein Ally na huyo Peter Tino. Wasomaji wetu wanaojua mpira wataona mara moja ugumu uliopo katika orodha hii. Hao ni watu wa Simba, wa Yanga na wa Pan Africans, klabu ambayo yenyewe ilizaliwa na mfarakano wa Yanga. Watu waliokuwa wakitazamana kwa jicho la chuki kila walipokutana katika ligi walitakiwa sasa wale chakula kimoja, walale kambi moja, na mmoja ampe mwenzake pasi wakati yeye mwenyewe angeweza kupiga. Kazi ya kwanza ya mwalimu wa timu ya Taifa katika nchi yetu ilikuwa hiyo, na hata leo ni hiyo hiyo. Kupanga mabeki huja baadaye.

Lugha yetu imefanya jambo la busara katika suala hili. Wazungu humwita mtu huyu kwa jina lao, nasi tumelitohoa tukapata kocha. Lakini wachezaji wenyewe, katika kila uwanja wa Tanzania, humwita mwalimu. Hawamwiti hivyo kwa heshima tu. Wanajua kwamba mtu anayesimama kando ya uwanja anafundisha, na kwamba kufundisha ni kazi ya subira, ya kurudia somo lile lile kwa mwanafunzi yule yule mpaka aelewe. Ndugu Bendera aliitwa mwalimu, na timu yake ya 1979 ilicheza kama darasa lililofundishwa.

Mchezo wa kwanza ulifanyika Dar es Salaam mwezi Agosti. Adolf akafunga, tukashinda goli 1 kwa bila. Goli moja ni akiba ndogo ya kusafiri nayo. Tarehe 26 Agosti 1979 timu ikaingia uwanjani Ndola, katika ukanda wa shaba, mbele ya umati uliokuwa na hakika kwamba goli lile moja litafutwa kabla ya mapumziko. Chola akalifunga kweli. Sasa mizani ilikuwa sawa, na kila aliyeujua mpira wa Zambia alikuwa akingoja goli la pili. Halikuja. Lililokuja, katika kipindi cha pili, lilikuwa la Tino. Mchezo ukaisha goli 1 kwa 1, na Tanzania ikafuzu.

Wakati ule Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Habari ilifika kwa redio, na ilifika pote kwa pamoja: Kariakoo na katika kambi za mkonge za Ngombezi na Magunga, Chanika mjini Handeni na katika maduka ya Mkata. Mtu aliyekuwa na redio ya betri alikuwa na wageni siku hiyo kuliko siku ya harusi.

Methali yasema kwamba bendera hufuata upepo. Huyu Bendera wetu alikwenda Ndola upepo wote ukimpiga usoni, akarudi na alichokifuata. Twaomba msomaji atusamehe mzaha huo. Jina lake lilikuwa likiutaka.

Tumefika sasa mahali penye uzito. Mwezi Machi 1980 mashindano yalifanyika Nigeria kwa timu 8. Tanzania ilipangwa Lagos pamoja na wenyeji, Misri na Ivory Coast. Tarehe 8 Machi tulifungwa na Nigeria magoli 3 kwa 1, goli letu likiwa la Mkambi. Siku nne baadaye tulifungwa na Misri 2 kwa 1. Tarehe 15 Machi tukatoka sare ya 1 kwa 1 na Ivory Coast. Magoli yetu katika michezo hiyo miwili yalikuwa ya Thuwein Ally. Nigeria hao waliotufunga ndio waliolichukua Kombe. Si matokeo ya kuonea fahari sana, wala si ya kuonea haya.

Lakini mtu akifungua kumbukumbu za mashindano yale, mahali palipoandikwa mwalimu wa Tanzania hataliona jina la Bendera. Ataliona jina la Slawomir Wolk, Mpolandi. Hatusemi kwamba Mpolandi huyo hakufanya kazi. Magoli matatu katika michezo mitatu dhidi ya timu zile si jambo la kubezwa, na mtu aliyekuja kutufundisha tulimpokea kwa mikono miwili. Tunalosema ni kwamba nchi moja ina historia mbili. Katika historia ya vitabu, mwalimu wa 1980 ni mgeni. Katika historia ya vinywa vya watu, mwalimu aliyetufikisha huko ni Bendera. Zote mbili ni za kweli, na hapana mtu aliyejishughulisha kuziandika katika ukurasa mmoja.

Baada ya Lagos tulingoja. Rais Ali Hassan Mwinyi ndiye aliyeufananisha mpira wetu na kichwa cha mwendawazimu, ambacho kila anayetaka kujifunza kunyoa hujifunzia hapo. Na watu walicheka kwa sababu ilikuwa kweli. Hata mkoa wa Tanga, uliotoa bingwa wa nchi mwaka 1988 pale Coastal Union walipolichukua taji, haukuiona tena timu ya Taifa ikifika katika fainali hizo. Walimu walikuja na kuondoka, wa ndani na wa nje.

Ndugu Bendera aliingia katika uongozi wa nchi. Mwaka 2005 wananchi wa Korogwe walimchagua kuwa mbunge, akalitumikia jimbo mpaka 2010, na katika kipindi hicho Rais Kikwete akamteua kuwa Naibu Waziri wa Habari, Utamaduni na Michezo. Hapo historia ikafanya kiroja chake. Serikali ile ile ilikuwa imeamua kumlipa mshahara mwalimu wa kigeni wa Taifa Stars, Mbrazili Marcio Maximo. Kwa hiyo mwananchi pekee aliyekuwa amewahi kuifikisha timu ya Taifa katika fainali za Afrika alikuwa sasa ameketi wizarani, na mgeni yuko uwanjani. Hatukuwahi kumwona akilalamika hadharani kwa jambo hilo. Lakini fikiri, ndugu msomaji, mwezi Februari 2009, Maximo alipokuwa Abidjan na Stars katika mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani. Timu ilikuwa imewafunga wenyeji Ivory Coast goli 1 kwa bila, goli la Mrisho Ngasa, na ilihitaji kuimaliza kazi mbele ya Zambia. Tuliongoza. Katika dakika za nyongeza Zambia wakasawazisha, na sare ya 1 kwa 1, ile ile iliyotupeleka Lagos, safari hii ikaturudisha nyumbani. Naibu Waziri alijua kuliko mtu yeyote nchini dakika kama zile zina urefu gani.

Baada ya ubunge aliteuliwa kuwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro, kisha wa Manyara, kazi aliyoiacha Oktoba 2017. Mwezi Desemba mwaka huo, tarehe 6, akafariki dunia katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Alikuwa amestaafu kwa majuma machache tu. Tarehe 24 Machi 2019, miezi 15 baadaye, Tanzania iliwafunga Uganda magoli 3 kwa bila mjini Dar es Salaam, ikafuzu tena baada ya miaka 39. Mwalimu alikuwa Emmanuel Amunike wa Nigeria.

Ilichukua miaka 45 tangu Ndola hata mwalimu mwingine wa nyumbani alipofanya alilofanya Bendera. Huyo ni Hemed Suleiman, Mzanzibari ambaye wengi humwita Morocco. Januari 2024, Adel Amrouche wa Algeria alipofungiwa katikati ya mashindano ya Ivory Coast, Hemed ndiye aliyeishika timu, akatoka sare na Zambia (ndiyo, 1 kwa 1, nao wakisawazisha mwishoni) na sare nyingine na Kongo. Tarehe 19 Novemba 2024 timu yake iliwafunga Guinea goli 1 kwa bila, la Simon Msuva, na Tanzania ikapata nafasi ya kwenda Morocco. Novemba 2025, mwezi mmoja na siku chache kabla ya mashindano kuanza, Hemed na timu wakaachana, na nafasi ikapewa Miguel Gamondi wa Argentina.

Haki na isemwe hata pale inapotuuma. Gamondi alifungwa na Nigeria, akatoka sare na Uganda na Tunisia, akaivusha Tanzania kutoka kundini kwa mara ya kwanza katika historia yake, na Januari 2026 akatolewa na wenyeji Morocco kwa goli moja tu. Asiyemshukuru hana adabu. Sisi twamshukuru, na hatuoni kwamba pasi ya kusafiria humfundisha mtu kupanga kiungo. Lakini twaona mara ya pili sura ile ile: mwalimu wa nyumbani analima, anapanda na kupalilia, na wakati wa mavuno anaitwa mwingine. Mara moja twaweza kuiita bahati. Mara mbili, hatuna budi kuuliza kama ni desturi.

Wapo watakaosema kwamba walimu wetu hawana elimu ya kutosha kwa mashindano makubwa. Hoja hiyo hatuitupi. Siku hizi mwalimu hupimwa kwa leseni za Shirikisho la Afrika, ambazo huanza daraja la D, zikapanda C, B na A, na ngazi hiyo haipandwi kwa mapenzi ya mpira peke yake. Ndiyo maana twawaomba wenye hoja hiyo wafuatane nasi kutoka Korogwe mpaka Handeni.

Njia hiyo yenye urefu wa kilomita zipatazo 65 zamani ilikuwa ya vumbi na tope. Sasa ni lami. Upande wa Korogwe ni nchi ya mkonge. Katika mashamba hayo waliletwa manamba kutoka pande zote za nchi, na wengi wao walijuana na wenzao wa makabila mengine kwa mara ya kwanza siku ya Jumapili, katika kiwanja cha mpira cha shamba. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa kiasi cha tani 230,000 za mkonge. Bei ilipoanguka na nyuzi za viwandani zilipoingia, mashamba yakafifia, na viwanja vingi vikaota majani pamoja nayo. Upande wa Handeni ni nchi ya Wazigua, ya mahindi na ya mvua isiyotabirika. Huko kiwanja cha shule kikiwa tambarare ni bahati. Milingoti ya goli ni miti iliyokatwa porini, na mpira, mwezi wa shida, ni matambara yaliyofungwa kamba. Mwalimu wa michezo ni yule yule wa hesabu au wa Kiswahili, aliyepewa filimbi kwa sababu ndiye kijana kuliko wenzake.

Huyo mwenye filimbi, katika Sindeni au Kabuku, ndiye tunayemtafuta. Mwanzoni mwa karne hii mashindano ya michezo ya shule yalisimamishwa kwa miaka kadhaa, kisha yakarejeshwa, na wakati yaliposimama hakuna aliyehesabu ni walimu wangapi walioiweka filimbi kabatini wasiitoe tena. Yule aliyebaki nayo anayajua mazoezi aliyoyafanya alipokuwa mchezaji, basi. Kozi ya leseni ikitangazwa, hutangazwa katika mji mkubwa. Nauli ni yake, malazi ni yake, na darasa lake la hesabu halina wa kulishika. Anaisoma habari hiyo katika simu ya mwenzake na kuiacha ipite. Kisha sisi tuliomwacha huko twageuka na kusema kwamba walimu wetu hawana elimu.

Pale Korogwe kipo Chuo cha Ualimu. Wanachuo wake hutawanyika katika shule za nchi nzima, Handeni wakiwamo. Kiwanja kipo, mabweni yapo, na wakati wa likizo vyote hukaa kimya. Mkufunzi mmoja mwenye leseni, mipira 20 na majuma mawili ya Juni vingetosha kuanzia.